Mlango wa Jumla na Mlango wa Somo: Upi Mgumu?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa na shirika la KUCCPS likishafungua dirisha la maombi, swali moja huzuka katika vyumba vya walimu na katika mabweni ya wanafunzi. Je, ni vigumu zaidi kupata gredi ya wastani inayodaiwa na chuo, au kupata alama inayodaiwa katika somo hili na lile? Swali hili huulizwa Bungoma mjini, huulizwa Kitale, na huulizwa na walimu wa Mabanga ambao wanafunzi wao hawana mshauri mwingine wa masomo isipokuwa mwalimu wa darasa. Aghalabu mjadala huishia kwenye kelele, kwa sababu kila mmoja hujibu kwa kutazama mtoto wake mwenyewe au alama zake mwenyewe za zamani.

Mwanaisimu alisikiapo swali la namna hii hulitazama kwanza neno lenyewe. Kivumishi ‘-gumu’ ni cha jamaa moja na ‘-refu’ na ‘-zito’. Hakikamiliki mpaka pawe na wa kulinganishwa. Wahenga walilijua hilo waliposema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chukua, kwa mfano, karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, ile ya Lugha, yenye alama 80. Mtoto wa Kibukusu aliyekua akisema ‘omundu’ kwa mtu mmoja na ‘babandu’ kwa wengi hashituki anapokutana na ngeli za Kiswahili, maana lugha yake ya nyumbani ni ya Kibantu na imemzoesha upatanisho tangu utotoni. Jirani yake Msabaoti wa miteremko ya Mlima Elgon huzungumza lugha ya Kiniloti isiyo na mfumo huo wa ngeli, na hana budi kuujenga upya kichwani, kiambishi kwa kiambishi. Karatasi ni ile ile, dakika ni zile zile, lakini ugumu si ule ule. Basi anayesema kwamba mtihani fulani ni mgumu bila kusema ni mgumu kwa nani, na kwa kazi gani inayofuata, hajasema jambo.

Tukumbuke tulikotoka. Hadi mwaka 1989 mlango wa chuo kikuu nchini Kenya ulikuwa mtihani wa kidato cha sita, KACE. Mtahiniwa wa kawaida alikuwa na masomo matatu makuu, na kando yake karatasi moja ya jumla iliyompima namna anavyofikiri na kuandika kuhusu mambo ya ulimwengu. Masomo matatu ndiyo yaliyombeba au kumwangusha. Karatasi ya jumla ilikuwa msindikizaji. Kisha mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukaleta mtihani wake wa kwanza wa KCSE mwaka huo huo wa 1989, hata mwaka 1990 vyuo vikuu vikalazimika kupokea makundi mawili kwa mpigo, la kidato cha sita na la kidato cha nne. Mizani ikageuka. Badala ya masomo matatu yaliyochimbwa hadi mzizi, ikaja gredi ya wastani wa masomo mengi, na neno ‘C+’ likaingia katika mazungumzo ya kila nyumba.

Hata hivyo somo halikufukuzwa kabisa. Hesabu inayotumiwa kuwagawa wanafunzi katika kozi huchanganya mambo mawili: alama za masomo manne yanayohusiana na kozi, ambayo kwa ukamilifu ni 48, na jumla ya masomo saba, ambayo kwa ukamilifu ni 84. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya hupita milango miwili wakati mmoja, na wengi hawatambui ni upi uliowafungia.

Ili tusibishane hewani, tufanye hesabu. Nitabuni wanafunzi wawili, niwaite Wafula na Nekesa, na wote wawili wamefanya masomo manane. Msomaji akumbuke kuwa A ina pointi 12, C+ ina 7, C ina 6 na E ina 1; na kwamba katika jumla ya masomo saba, pointi 39 hadi 45 ni gredi ya C, na 46 hadi 52 ni C+.

Wafula ana vipawa vya upande mmoja. Amepata B+ katika Kiswahili, A- katika elimu ya dini ya Kikristo, B katika historia na C+ katika kilimo. Kiingereza kimempa C-, biolojia D, kemia D- na hisabati D-. Nekesa hana cha kujivunia wala cha kuona haya: C katika Kiingereza, C katika Kiswahili, C katika hisabati, C katika biolojia, C katika elimu ya dini, kisha D+ katika kemia, D+ katika historia na D+ katika kilimo.

Kwa kanuni iliyotumika hadi mwaka 2022, jumla ilikusanya lugha mbili na hisabati, sayansi mbili, somo moja la jamii, na moja jingine lililo bora katika yaliyosalia. Wafula akapata 5, 10, 2, 3, 2, 11 na 9: jumla 42, gredi ya C. Nekesa akapata 38, ambayo ni C-. Kwa pointi moja tu akakosa C, ingawa ana C tano mkononi.

Mwaka 2023 kanuni ilibadilishwa. Wizara ya Elimu iliamua kwamba jumla ihesabiwe kwa hisabati, lugha moja tu (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), na masomo matano mengine ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Haya, tuwarudie wanafunzi wetu. Wafula sasa ana 2 za hisabati, 10 za Kiswahili, kisha 11, 9, 7, 5 na 3. Jumla ni 47. Mwanafunzi yule yule, kwa karatasi zile zile, ametoka C na kuingia C+, kiwango cha kwenda chuo kikuu. Nekesa naye? Sita tano na nne mbili. Jumla ni 38 kama zamani. Kanuni mpya haikumwongezea hata chembe, kwa kuwa hakuwa na somo baya la kutupa.

Hapa ndipo ninapoomba walimu watue kidogo. Mageuzi hayo yalisifiwa kuwa yamelegeza mtihani, na kweli idadi ya waliopata C+ na zaidi ilipanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133 mwaka 2023, ingawa si haki kusema ongezeko lote lilitokana na kanuni. Lakini hayakumlegezea kila mtu. Yalimlegezea mwenye vilele na mabonde; mwenye uwanda yalimwacha palepale. Gredi ya jumla, ambayo kwa jina ni ya jumla, imesogea upande wa masomo ya kuchagua, na sisi tumeendelea kuiita kwa jina lile lile.

Sisemi kuwa kumsaidia Wafula ni kosa. Mwalimu wa sekondari nchini hutakiwa awe na C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Kijana mwenye B+ ya Kiswahili na A- ya elimu ya dini ana haki ya kuketi katika ukumbi wa mihadhara pale Kibabii au Masinde Muliro ajifunze kuyafundisha masomo hayo. Kwa miaka mingi vijana wa aina yake walifungiwa nje na kemia ambayo wasingeigusa tena maishani. Mimi nimewafundisha waliobahatika kupenya, na baadhi yao ndio wanafunzi bora wa fasihi niliopata kuwa nao. Kwao mlango wa jumla ulikuwa mgumu bila sababu, na ule wa somo ulikuwa mgumu kwa sababu.

Lakini uchukue mlango mwingine, wa chuo cha walimu wa shule za msingi, na mambo yatageuka.

Mwaka 2021 vyuo hivyo vilipoanza kutoa stashahada badala ya cheti cha P1, mwombaji alitakiwa awe na gredi ya wastani ya C, na juu yake C katika Kiingereza, Kiswahili, hisabati, somo moja la sayansi na somo moja la jamii. Masharti yalikuwa mazito. Waombaji waliotimiza yote wakawa wachache, na vyuo vikabaki na vitanda vitupu. Kufikia mwaka 2023 serikali ikaliondoa sharti la masomo, ikabakisha C ya jumla. Wengi walishangilia, na wakuu wa vyuo walikuwa na sababu ya kushangilia.

Mwangalie Wafula mbele ya mlango huo. Chini ya masharti ya 2021 asingeingia: C ya jumla anayo, ila Kiingereza chake ni C- na hisabati D-. Baada ya 2023 anaingia bila kizuizi, kwa kuwa jumla yake imepita C. Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha karibu masomo yote. Siku moja kijana huyu, mwerevu na mwenye moyo, atasimama mbele ya watoto hamsini kueleza sehemu na desimali, mambo ambayo mtihani wenyewe umeshuhudia kuwa hayajui. Na mwangalie Nekesa. Ana kila somo kati ya yale matano yaliyodaiwa mwaka 2021. Hata hivyo mwaka 2021 alizuiwa na C- ya jumla, na baada ya 2023 anazuiwa na C- ile ile. Katika milango yote miwili, aliyefaa zaidi kufundisha darasa la nne ndiye aliyebaki nje.

Basi kwa Nekesa mtihani wa somo ulikuwa rahisi na wa jumla ukawa mgumu. Kwa Wafula ni kinyume. Hakuna ulio ndani ya mwingine, kwamba aliyeshinda huu amekwisha kushinda ule. Kwa hiyo kuondoa mmoja hakupunguzi ugumu wa kuingia chuoni, bali hubadilisha watu wanaoingia. Jambo hili halikujadiliwa vya kutosha sharti la masomo lilipokuwa likiondolewa. Mjadala ulikuwa wa idadi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata walimu wazoefu. Hutazama orodha ya wastani wa masomo kitaifa, wakaona hisabati iko chini na fizikia iko juu yake, wakatamka kuwa fizikia ni rahisi kuliko hisabati. Hisabati hufanywa na kila mtahiniwa, apende asipende. Fizikia huchaguliwa, na wanaoichagua ni wale wale ambao hisabati haiwatishi. Huwezi kulinganisha vyungu viwili kwa kupima maji ya kimoja na asali ya kingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayechagua masomo kwa kutazama orodha hiyo atajikuta katika darasa la fizikia akishindana na mabingwa, huku akiamini amekimbilia kivulini.

Hata gredi ya jumla yenyewe haisimami mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Mwaka 2016, udanganyifu ulipobanwa na usahihishaji ukabadilika, waliopata A walikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi mwaka 2016 walikuwa 88,929, na mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Hakuna mwenye akili atakayedai kuwa vijana wa Kenya walipoteza welevu kwa kipindi cha miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mizani, na vyuo vilivyokuwa vimeandika ‘C+’ katika masharti yao havikubadilisha neno.

Majirani zetu wamelitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Ukivuka mpaka Lwakhakha au Malaba unaingia katika nchi ambayo haikuacha kidato cha sita. Mganda huenda na masomo makuu matatu pamoja na karatasi ya jumla, na chuo kikuu humpimia kwa uzito tofauti: pointi za masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi huzidishwa mara tatu, la tatu lenye uhusiano huzidishwa mara mbili, na karatasi ya jumla huchangia pointi moja tu. Yaani jumla ipo, lakini imewekwa mahali pake. Tanzania nako mwanafunzi huingia kidato cha tano kwa mkusanyiko wa masomo matatu, kama fizikia, kemia na hisabati, au historia, Kiswahili na Kiingereza. Kasoro ya njia hii inajulikana: kijana wa miaka kumi na saba aliyekosea mkusanyiko hupata tabu kurudi nyuma. Sisi tulikimbia kasoro hiyo, tukaikumbatia ya upande wa pili.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote katika mambo haya unatoka mbali, katika jimbo la California nchini Marekani. Huko palikuwa na mitihani ya aina mbili kwa waombaji wa vyuo vikuu: SAT ya jumla, iliyodai kupima uwezo wa kufikiri, na SAT ya masomo, iliyopima kilichofunzwa darasani. Mwaka 2001 watafiti Saul Geiser na Roger Studley walichunguza alama za wanafunzi karibu 78,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakaona kuwa mtihani wa masomo ulitabiri matokeo ya mwaka wa kwanza chuoni kuliko ule wa jumla. Na walipoingiza katika hesabu mapato ya familia na elimu ya wazazi, nguvu ya mtihani wa jumla karibu ikayeyuka, ilhali ule wa masomo ulisimama. Mwaka huo huo rais wa chuo hicho, Richard Atkinson, alipendekeza hadharani kuacha ule wa jumla. Ajabu ni kwamba mwishowe ulioachwa na wenye mitihani wenyewe ulikuwa ule wa masomo, mwaka 2021.

Jambo hili lina maana kwa mwanafunzi wa Mabanga kuliko anavyodhani. Mtihani unaopima somo lenye silabasi humwambia mapema nini kitaulizwa. Akiwa na kitabu, mwalimu na taa ya kusomea, anaweza kujiandaa. Mtihani usiokuwa na mipaka humpima nyumba aliyozaliwa, magazeti aliyoyakuta mezani, na Kiingereza alichosikia akiwa mdogo. Isipokuwa nami niseme ukweli wote: somo nalo lina upendeleo wake. Kemia ina karatasi ya vitendo, na shule isiyokuwa na maabara haiwezi kuifundisha kwa ubao na chaki.

Neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tangu Sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria ya mwaka 2012, kijana anayetaka uwakili kwa njia ya KCSE hudaiwa C+ ya jumla na B katika Kiingereza au Kiswahili. Naliona sharti hilo kuwa la busara, maana wakili hufanya kazi kwa maneno, na sheria imekiri kuwa maneno ya Kiswahili yana uzito sawa na ya Kiingereza. Lakini kanuni ya 2023 imemruhusu mtahiniwa kutupa mojawapo ya lugha hizo katika jumla yake, na katika shule nyingi inayotupwa si Kiingereza. Walimu wa Kiswahili wameanza kuona darasa lenye wanafunzi walewale wakisoma kwa bidii nyingine. Pale ambapo chuo hakitaji Kiswahili kwa jina katika masharti yake, hakuna tena kinachomlazimu kijana kukithamini.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangiwa mwaka 2027. Nyuma yake wanakuja wanafunzi wa mtaala wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza limepangiwa sekondari ya juu kuanzia mwaka 2026 katika mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mikondo hiyo inaturudisha kwenye mtindo wa masomo machache, na masharti ya vyuo hayana budi kuandikwa upya. Wanaoyaandika nawaomba wasianze kwa kuuliza ni gredi ipi itakayojaza vitanda. Waanze na kazi. Kwa mwalimu wa msingi, masomo matano ya 2021 yarudishwe, na atakayeyatimiza yote asizuiwe na jumla iliyopungua pointi moja au mbili. Kwa mwalimu wa sekondari, masomo yake mawili yadaiwe B badala ya C+, na jumla ilegezwe. Na mwalimu wa darasa, kabla hajamshauri mwanafunzi wa kidato cha pili kuacha au kuchagua somo, achukue kalamu na afanye hesabu ya jumla, kisha afanye nyingine ya masomo ya kozi ambayo mtoto anaitaka, akimwonyesha zote mbili.